Muulize Mama Mkubwa: Mwenye nyumba naye akae

Jambo yenu wasomaji. Noeli inabisha hodi, na mvua yenyewe imekwisha kuingia bila kubisha. Hapa Katuba, Lubumbashi, tangu asubuhi inapiga mabati hata redio siisikii, basi nimeivuta meza karibu na mlango nikazimwaga barua zenu juu yake. Ni barua ishirini na moja. Karibu zote zinauliza neno moja kwa midomo tofauti: wageni wanakuja, nyumba ni ndogo, mfuko umekonda, nifanye nini? Nimechagua tano. Ambaye barua yake haimo asinune, atajikuta ndani ya barua ya mwenzake.

*Mama Mkubwa, jambo. Nimeolewa miaka miwili, tunakaa Kampemba, vyumba viwili na saluni (sebule). Tarehe 25 familia ya mume wangu itakula kwetu kwa mara ya kwanza, watu 14. Nina viti sita, mbabula mbili (majiko ya makaa) na jiko moja la umeme lisiloaminika. Nimeandika nitakavyopika: wali, bukari (ugali), kuku, mbuzi, samaki wa kukaanga, sombe (kisamvu), maharagwe, chipsi, saladi ya mayonezi na keki. Mama mkwe anajulikana Kenya nzima kwa mkono wake wa kupika. Usingizi umenihama. Nianzie wapi?*
*Bibi arusi wa Kampemba*

Mwanangu, anzia kwenye hiyo karatasi. Shika kalamu, futa. (Na wasomaji wa mbali wasishtuke: Kenya anayoisema ni komini yetu, sehemu ya mji hapa Lubumbashi, ile yenye soko, siyo nchi ya Nairobi. Ingawa kwa sifa ninazozisikia za mama mkwe huyo, labda na Nairobi wanamjua.)

Umeandika vyungu kumi kwa majiko matatu, na la tatu wewe mwenyewe umelishitaki. Nilikuwa kama wewe. Mwezi wa kumi na mbili 1984, nikiwa na miezi mitano tu ya ndoa, niliupikia ukoo wa mume wangu vyungu saba. Nilisikia wakicheka saluni, lakini nilichoona ni migongo yao, kupitia pazia. Wakati wa kuaga, baba mkwe akaja mpaka mlango wa jikoni, jambo ambalo mkwe mwanaume halifanyi hivi hivi. Akasimama pale akaniuliza, "Mama, weye unakulaka saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na moshi machoni na mwiko mkononi, na watu waliokuja kunijua walikuwa wanakwenda bila kunijua.

Tangu siku ile, nikipanga karamu, kitu cha kwanza ninachokipangia ni kiti changu: nitakikalia saa ngapi. Chakula kinafuata nyuma. Nimepika miaka 19 katika kantini ya wafanyakazi wa shaba, watu mia na zaidi kila mchana, na hata kule hatukupika vitu kumi.

Kwako wewe: bukari, sombe, mbuzi wa michopo (wa kuchoma), na beseni la maembe. Mwezi huu maembe yako kila njia, utayapata kwa bei ya salamu. Basi. Kuku mwachie Bonane, sikukuu ya Mwaka Mpya, samaki amwachie kuku, na chipsi zile, mwanangu, nani atasimama kukaanga viazi vya watu 14?

Sombe nunua tarehe 24 asubuhi, iliyokwisha kutwangwa, kwa mama unayemjua. Jioni ichemshe peke yake na maji, chungu kikiwa wazi, muda mrefu, hata ukidhani imeiva endelea. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, na sumu hiyo inatoka kwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa vizuri. Ndiyo sababu bibi zetu hawakuwa na haraka nayo. Asubuhi ya 25 itokote tena, ndipo utie vitunguu, karanga za kusaga na mawese. Saa tano utakuwa umeifunika, na hutaigusa mpaka wakati wa kuipasha.

Mbuzi anunuliwe siku yenyewe, alfajiri, maana friji yako na jiko lako vinakunywa umeme ule ule. Kilo nne na nusu au tano na mifupa zinawatosha. Chumvi, tangawizi, vitunguu saumu, ndimu, saa mbili za kulala ndani ya viungo. Baada ya hapo si kazi yako. Mkabidhi mume wako na ndugu zake makala (makaa), mbabula na nyama. Sijaona mwanaume wa mji huu asiyejiona bingwa wa michopo akishikilia chupa mkono wa kushoto. Wataungua kidogo, watabishana, watafurahi.

Bukari ndiyo inayotisha mabibi arusi, kwa sababu haisubiri: ikipoa inakuwa jiwe. Kwa watu 14 weka unga karibu kilo tatu, na usiusonge kwa sufuria moja, utavunjika mkono. Songa mara mbili. Ya kwanza ikiiva, itengeneze matonge, yafunge kwa kitambaa safi, yaweke ndani ya glasiyeri. Ndiyo, sanduku lile lile la kuwekea bia baridi. Linalotunza baridi linatunza na moto. Utaikuta bado inachoma vidole wakati ya pili inateremka. Na mwiko wape mashemeji zako wadogo. Dada wa mume aliyesonga bukari nyumbani kwako hawezi kwenda kusema ilikuwa na madonge.

Mama mkwe usimpe kazi. Hiyo ingekuwa aibu, na watu wangeizungumzia mpaka Pasaka. Lakini mpelekee sombe kidogo kwenye kijiko kabla watu hawajakaa, umuulize, "Mama, chumvi imefika?" Atakachosema, kifanye mbele yake, hata kama ni punje tatu za chumvi. Hapo sombe itakuwa yake na yako pamoja, na mkono wake unaojulikana utakuwa umeingia chunguni bila yeye kuinama.

Viti sita ni vya wazee. Watoto mkeka, na wale kwanza, sinia moja, wakishiba watatoka nje na utasikia hata mawazo yako. Waliobaki wakae kwenye benchi la jirani. Kuazima benchi Noeli si umaskini; jirani naye ataazima sufuria yako Bonane.

Sasa mambo mawili ambayo siyasemi kwa kucheka.

Mvua. Tarehe 25 iko katikati ya majira ya mvua, uwezekano mkubwa itanyesha wakati mbabula inawaka. Mtu atasema "tuingize ndani tufunge mlango". Kataa, hata kama anayesema ni baba mkwe. Makala yakiwaka penye hewa kidogo yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa wamekaa. Nilikwisha kuona jirani zangu watano wakitolewa nje ya chumba kimoja usiku wa baridi, wanatapika, kichwa kinapasuka, na hao walikuwa na bahati. Jioni ya leo tafuteni turubai, lifungeni barazani pande ziwe wazi, mchome hapo. Mvua ikizidi, nyama imaliziwe kwa chungu kule jikoni penye dirisha na mlango wazi. Mbuzi wa mchuzi si adhabu.

La pili ni mayonezi. Bonane ya 1996 nilitengeneza saladi ya viazi na mayonezi ya mayai mabichi kwa mkono wangu, saa nne asubuhi. Umeme ukakatika saa tano. Wageni wakala saa tisa. Usiku nilikuwa na watu tisa na choo kimoja, na mmoja wao alikuwa katekista. Katika kantini tulifundishwa kwamba chakula kilichopikwa kisikae saa zaidi ya mbili kwenye joto la kawaida, na kwa mayai mabichi hata saa hizo mbili ni nyingi. Niliyajua hayo, lakini nilitaka meza ipendeze. Wali nao ni hivyo: wa jana uliolala nje ya friji unaweza kukuangusha hata ukiuchemsha upya, kwa sababu sumu ambayo vijidudu vimeiacha ndani haifi kwa moto. Kama ni lazima kuwe na kitu kibichi mezani, kata nyanya na vitunguu, kamulia ndimu, peleka wakati watu wananawa.

Keki anunue shemeji mwenye gari.

*Salamu Mama Mkubwa. Mimi ni mwalimu, sijaoa, napanga chumba kimoja Ruashi ndani ya parseli (kiwanja) ya wapangaji wanne. Wenzangu wa kazini wamezoea kunialika, sasa Bonane hii nataka zamu iwe yangu. Watu nane. Hela niliyo nayo inatosha chakula cha kawaida na chupa moja ya bia kwa kila mtu. Nikiwaambia wachangie si nitaonekana mwenye mkono mfupi?*
*Mwalimu wa Ruashi*

Mwalimu, mshahara wako wanaujua, maana ni wao wao. Aibu haiko katika kuchangisha. Aibu ni kuwaambia "mje tu, kila kitu kipo", halafu saa kumi jioni unaanza kumtuma mtoto kwa deni. Sema wazi wiki moja mbele: "Chakula changu, chupa ya kwanza yangu, ya pili kila mtu na mfuko wake." Utaona watakavyopumua. Yule wa kwanza kupumua ni yule aliyekuwa anajiuliza afanyeje zamu yake ikirudi.

Kabla ya kumwalika hata mmoja, zungumza na wapangaji wenzako. Uwanja ni wa wote, muziki wako utalala kwenye mto wa kila mtu. Waambie siku na saa, na siku yenyewe kila mlango uende sahani moja kabla wageni wako hawajaonja. Sahani hizo zitakununulia usiku mzima.

Chakula: maharagwe na bukari na vitoyo (samaki wa chumvi) vilivyokaangwa kwa nyanya nyingi. Usinitazame hivyo. Mtu aliyekula wali na kuku siku tatu mfululizo kwa wajomba, tarehe mosi jioni ukimpa maharagwe yaliyolala majini usiku mzima na kuiva taratibu, atakuuliza nani mke wako.

Na bia yote ya nini? Nunua munkoyo. Mama anayeuza vizuri unamtambua kwa mstari wa watu mlangoni pake, huhitaji mimi nikutajie. Ni uji wa mahindi uliotiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa, na mizizi hiyo ndiyo inayoulainisha na kuupa utamu. Wa siku moja ni mtamu, watoto wanakunywa. Wa siku mbili unaanza kuuma ulimi. Zaidi ya hapo sasa unajadiliana na wewe mwenyewe. Uchukue tarehe 31 jioni kwa ajili ya kesho yake, na bidoni (dumu) usilifunge kwa nguvu: munkoyo unaendelea kuchachuka na kutoa hewa, na kifuniko kikiruka usiku wapangaji watadhani ni risasi.

Chupa zenu zitiwe kwenye beseni, barafu, maji, na kiganja cha chumvi. Watu wanaogopa kutia maji wakidhani yatamaliza barafu. Barafu peke yake inaigusa chupa hapa na pale. Maji yanaikumbatia yote. Nusu saa, mnakunywa.

*Mama Mkubwa, marafiki wa mume wangu hawajui kuondoka. Mwaka jana walikaa mpaka saa nane za usiku, mimi nimesinzia na sahani mapajani. Kuwafukuza siwezi.*
*Mama wa mapacha, Katuba*

Jirani yangu, nadhani nilisikia muziki huo.

Sisi desturi yetu mgeni anasindikizwa. Itumie. Saa nne na nusu toa bia ya mwisho, useme ni ya mwisho, na watoto waje kusalimia kwenda kulala. Bia ikikaribia chini, ingia ndani, utoke umevaa viatu, umejitanda kitenge, mwavuli mkononi, useme kwa uso mzuri: "Twendeni niwasindikize mpaka kwenye lami, njia ina matope." Mtu gani atamwacha mama wa mapacha amesimama na mwavuli? Mimi nimefanya hivyo mara nyingi. Mara moja tu walibaki, na huyo aliyewabakiza alikuwa mume wangu mwenyewe, basi nikaenda kumsindikiza mwavuli wangu peke yangu na kurudi.

*Mama Mkubwa, jambo. Dada yangu anakuja kutoka Ubelgiji na watoto watatu waliozaliwa kule. Ameniomba nipike finkubala (viwavi vya kuliwa), ameziota miaka sita. Lakini watoto wake watatapika mbele ya mama yetu, na mama ataumia. Niache? Au ninunue spageti na soseji kwa ajili yao?*
*Mdogo mtu wa Kalubwe*

Usiache. Dada yako amevuka bahari na mkate mkavu wa ndege, unataka kumpa spageti?

Finkubala kavu zilowekwe kwenye maji ya vuguvugu, zisuguliwe, zisuuzwe mara tatu au nne mpaka maji yasiwe na mchanga. Hapo ndipo wengi wanaharibu: mgeni anatafuna, anasikia kre kre, na si finkubala, ni barabara ya Kasenga. Zichemshe kidogo na chumvi, zikauke maji, kisha kitunguu, nyanya, mafuta, pilipili pembeni. Ziweke katikati ya meza kwenye bakuli la kawaida, pamoja na vitu vingine. Na hapa nakuomba kitu kigumu: usiseme neno. Usiwaambie watoto "jaribuni", usiwaonyeshe simu, usiwachekee. Mtoto akilazimishwa atatapika. Akiachwa atamtazama mama yake anavyokula amefumba macho, na mmoja kati ya watatu, kwa kawaida yule mdogo, atanyoosha mkono. Wengine wawili wale bukari na kuku, mwisho wakaitwe na maembe. Hakuna aliyekufa.

Lakini muulize dada yako jambo moja kabla: kuna mtoto ambaye mwili wake unakataa kamba wa baharini? Mwili wa namna hiyo unaweza kukataa na wadudu vile vile, na kule Ulaya wazazi wanajua mambo hayo kwa karatasi ya daktari. Kama yupo, bakuli lile likae mbali naye, na kijiko chake kiwe chake.

Mama yenu naye kaa naye mapema, peke yenu, mnachambua hizo finkubala. Mwambie watoto wa huko wanaweza kukunja uso. Uso uliotangazwa hauumizi sana. Na inawezekana atakucheka. Wewe mwenyewe, muulize, ulizila ukiwa na umri gani?

*Kwa mwenye safu hii. Ninakusoma kila toleo, na mwaka jana ulisema watu wapike chungu kimoja, wawakalishe wageni mkekani, waazime sahani kwa jirani. Mama, unawafundisha watoto wetu uvivu. Zamani Kamalondo mgeni akifika, kuku anachinjwa, kitambaa cheupe kinatandikwa, mtoto anapiga goti. Heshima ni kujisumbua. Leo mtu anampokea mkwe wake na sahani ya plastiki.*
*Mzee wa Kamalondo*

Mzee wangu, aksanti kwa kuniandikia kwa mkono, na kwa wino mweusi. Umenipiga mahali panapouma, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Mwaka jana niliandika kwa haraka nikaruka kitu ambacho sikutakiwa kukiruka. Niliongea juu ya sahani nikasahau maji. Mimi nimekulia nyumba ambamo mgeni hakuonja kitu kabla mtoto hajamletea beseni na birika, maji ya vuguvugu, sabuni, taulo begani. Na mtoto anaanza na mkubwa, anainama, hamwagii magoti. Kitu hicho hakina bei. Hata mwalimu wa Ruashi na chumba chake kimoja anaweza. Nimekwenda kwenye karamu za Golf, mtaa wa matajiri, zenye vyakula kumi na tano ambako nilionyeshwa tu bomba liko wapi kwa kidole. Kwa hiyo bibi arusi wa Kampemba, mwalimu, na wote: birika na beseni, maji ya moto kidogo, mtoto mwenye adabu. Msiruke hapo.

Tena na kupokea. Mwenye nyumba atoke mlangoni mwenyewe, apokee mwavuli, aulize habari za nyumbani na angoje jibu. Lakini mzee, hapo ndipo ninapokurudishia swali lako. Yule mama wa Kamalondo aliyechinja kuku na kutandika kitambaa, wewe ulimwona amekaa? Ulikaa naye? Unakumbuka alicheka namna gani? Mimi namkumbuka mama yangu siku za sikukuu kwa mgongo tu. Alikuwa na mgongo mzuri, Mungu amweke pema, lakini ningependa kumkumbuka na uso.

Tarehe 2 Januari ninapokea watu hapa Katuba kuanzia saa saba mchana. Kuku atachinjwa, kwa ajili yako, mmoja. Kitambaa cheupe ninacho, kina doa la mawese la 1991, nitaliweka chini ya sahani yako ya udongo. Mjukuu wangu atakuletea maji. Viti ninavyo saba na waliokwisha kukubali ni kumi na wawili, basi mzee, uje na chako, na uniwekee nafasi pembeni.